Maneno ya mpinzani, jina la mgombea: nukuu za ovyo zinavyotuharibia kura

Nahodha wa Kibokoni

Wa Mvita, Kisauni, Nyali, Likoni, Jomvu na Changamwe, Mombasa nzima, salamu zenu. Uzi huu ni mrefu, asiye na nafasi apite tu, sitamlaumu.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja na wenye kutaka viti washaanza kutuamkia barabarani, hata wale ambao juzi walikuwa wakipandisha vioo vya gari wakituona. Kila semina na kila tangazo linatuonya kuhusu habari za kughushi. Sawa. Mwaka 2017 zilizagaa video zilizotengenezwa zionekane za CNN na BBC, zikitangaza kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuzitangaza. Kurasa za mbele za magazeti nazo hughushiwa kila msimu wa uchaguzi. Lakini kwa hayo watu washaerevuka. Mtu akiletewa picha ya mwanasiasa yenye maneno ya ajabu kando, la kwanza husema, "Hii imechorwa."

Mimi linalonikera ni lile ambalo hakuna anayelishuku. Maneno yametamkwa kweli, mkutano ulikuwepo, mwandishi alikuwepo, chombo kina leseni. Ila mwenye maneno siye aliyetajwa.

Nitawapa niliyoyaona kwa macho yangu. Kampeni za 2022, jioni, uwanja mmoja wa Kisauni. Mwaniaji wa kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi, amesimama nyuma ya pikapu, spika mbili zinakoroma, tuktuki zimepangwa pembeni kwa sababu madereva ndio kura zenyewe. Kulikuwa na kijana karibu na gurudumu la mbele anachukua video, kwa hiyo sikisii. Mwaniaji alisema hivi: "Mwenzangu akikaa na matajiri wa mjini huwaambia, tuktuki zote zitolewe kisiwani, zibaki ng'ambo. Mimi namuuliza, dereva huyu atawalisha nini watoto wake?" Makofi, honi, mkutano ukaisha salama.

Asubuhi yake, taarifa ya habari ya redio moja: fulani "ataka tuktuki zote zitolewe kisiwani". Na jina lililotajwa ni la yule yule aliyekuwa akiwatetea. Kufika saa nne, steji za Kongowea hazisemezeki. Mabango yake yamechanwa, na dereva mmoja amelibandika lake miguuni ili abiria walikanyage wakipanda. Wapambe wakawa wanazunguka na simu wakiwachezea watu ile video. Sasa jiweke wewe mahali pa dereva. Asubuhi umesikia redio, ambayo hujui sababu ya kukudanganya. Mchana anakuja mpambe, ambaye unajua amelipwa. Utamwamini nani?

Redio ilisahihisha, tuseme haki. Siku kadhaa baadaye, taarifa ya saa nne usiku, baada ya michezo: "Tunaomba radhi kwa hitilafu iliyojitokeza katika habari yetu kuhusu mkutano wa Kisauni." Basi. Hitilafu gani? Ya nani? Aliyesikia radhi bila kusikia habari hakuambulia kitu, na aliyesikia habari saa kumi na mbili asubuhi, saa nne usiku ashalala.

Yule mwaniaji alishindwa. Sisemi ni tuktuki zilizomwangusha, alikuwa na madhaifu yake mengine. Nasema tu kwamba watu wengi wa Kisauni walienda debeni wakiwa na hakika ya msimamo ambao hakuwa nao.

Tena msidhani haya ni ya redio zetu ndogo tu. Novemba 1999 Al Gore, wakati huo makamu wa rais wa Marekani na anautaka urais, alikwenda kuzungumza na wanafunzi wa shule ya upili ya Concord, jimbo la New Hampshire. Alitaka kuwaonyesha kuwa hata mtoto wa shule anaweza kusukuma jambo. Akawasimulia kwamba alipokuwa mbunge, mwanafunzi wa Tennessee alimwandikia barua kuhusu taka za sumu katika kimji kiitwacho Toone. Akaitisha uchunguzi, akatafuta kwingine kwenye shida kama hiyo, akaitaja Love Canal ya jimbo la New York ambayo ilikuja kuwa maarufu. Kisha akarudi kwa Toone: hamkuisikia hiyo, lakini hiyo ndiyo iliyoanzisha yote.

Siku iliyofuata Washington Post na New York Times, magazeti yanayosomwa na wahariri wa dunia nzima, yakamnukuu Gore akisema kuhusu Love Canal: "Mimi ndiye niliyeanzisha yote."

Toone ikanyang'anywa sentensi, akapewa Gore. Chama cha upinzani, Republican, kikaichukua na kuisambaza, vipindi vya televisheni vikacheka wiki nzima. Na kwa nini wahariri hawakushtuka? Kwa sababu walishamzoea hivyo. Machi mwaka huo huo aliiambia CNN kwamba akiwa bungeni aliongoza juhudi za kuiunda intaneti, na mitaani ikageuka "Gore asema alivumbua intaneti", neno ambalo halikutoka kinywani mwake. Ukishapachikwa tabia, kila nukuu hukatwa ikutoshe hiyo tabia.

Walioiokoa ile kauli ya Concord ni wanafunzi wenyewe. Walikuwa na mkanda wa video. Wakautazama, wakasoma magazeti, wakaona haviendani, wakapiga kelele mpaka magazeti yote mawili yakasahihisha, baada ya siku kadhaa, kwa vijisanduku vidogo. Uchaguzi wa 2000 ukaamuliwa Florida kwa kura 537, Gore akaukosa urais. Hakuna awezaye kupima kura ngapi zilikwenda na Love Canal, nami sijaribu.

Kwetu watoto wenye mkanda tunao, kila mtu ana simu. Wahariri wanaosikiliza wako wapi? Leteni yenu.

---

BintiTudor

Nahodha umenikumbusha lile la Sarah Palin, mgombea mwenza wa Republican 2008. Muulize mtu yeyote anayefuatilia siasa za Marekani, atakwambia Palin alisema anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Hakusema. Aliiambia ABC kwamba Urusi ni majirani, na kutoka kisiwa kimoja cha Alaska unaweza kuiona. Hilo la nyumbani lilisemwa na mchekeshaji Tina Fey aliyekuwa akimuiga kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live. Mchekeshaji hakukosea kitu, ni kazi yake. Waliokosea ni waliokuja nyuma wakayarudia maneno bila jina la Fey, hadi yakamganda mama wa watu. Na simpendi Palin hata kidogo, msinielewe vibaya.

Kwetu Kenya mfano wangu ni Februari 2013. "Choices have consequences", yaani uamuzi una matokeo yake. Uliza hapo Makadara nani alisema, nusu watakwambia Obama. Aliyesema ni Johnnie Carson, aliyekuwa akishughulikia Afrika katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Obama mwenyewe, siku chache kabla, alikuwa ametoa ujumbe wa video kuwa uamuzi ni wa Wakenya na Marekani haimuungi mkono mgombea yeyote. Lakini vichwa vya habari viliandika "Marekani yaonya", na kwa mwananchi wa kawaida Marekani wakati huo ilikuwa na sura moja tu. Kuna waliopiga kura kwa hasira za "Obama anatutisha", wapo hadi kwenye ukoo wangu.

---

Mbishi wa Magongo

Naona mnawafuta wanasiasa machozi. Wacha niwe mbaya kidogo.

"Nimenukuliwa vibaya" ndiyo sala ya kwanza ya kila mwanasiasa wa nchi hii. Anatukana kabila la watu saa nane mchana, saa mbili usiku amenukuliwa vibaya. Anaahidi soko, soko halijengwi, alinukuliwa vibaya. Mkiwafundisha watu kwamba magazeti hukosea nukuu, mnawapa hawa jamaa mlango wa kutokea. Mwandishi wa watu amekaa juani, ameandika sawasawa, kesho anaitwa mwongo na mtu mwenye walinzi wanne.

Pia huyo Gore wenu msimsafishe sana. Hata kwa maneno yake sahihi alijipaka rangi. Alisema aliipata Love Canal, kana kwamba ilikuwa imejificha. Rais Carter alikuwa ameshatangaza hali ya dharura huko Agosti 1978, kabla ya kikao cha uchunguzi alichokiitisha Gore. Kwa hiyo magazeti yalikosea neno lakini tabia hawakuikosea.

---

Nahodha wa Kibokoni

Mbishi, la Carter ni kweli, na ndilo linalonipa nguvu. Kama Gore alijikweza, kulikuwa na kauli yake halisi ya kumshika nayo. Mwandishi angeandika "alisema aliipata Love Canal, ilhali ilikuwa imeshatangazwa dharura" na hakuna ambaye angemtoa hapo. Badala yake wakamshika kwa maneno yasiyo yake, na mkanda ulipotoka akatoka yeye msafi kuliko alivyostahili. Nukuu mbovu humuumiza asiye na kosa, na mwenye kosa humpa pa kuponyokea.

Na kuhusu "nimenukuliwa vibaya": dawa yake ni ile ile rekodi. Anayesingizia huanikwa nayo, anayesingiziwa huokolewa nayo.

---

Yakhe wa Mwembe Kuku

Mimi mzee, nasoma gazeti na miwani ya kuazima. Lakini hebu niulize. Gazeti laandika habari ya mkutano, ndani yake mna Bw Ali, mwaniaji. Mna Bw Ali mwingine, mwenyekiti wa wazee. Na Bw Ali wa tatu, wa chama cha wavuvi. Aya ya tano: "Bw Ali aliongeza kuwa wageni hawafai kupewa ardhi." Ali yupi yakhe? Pwani hii ukirusha kijiwe sokoni wampiga Ali. Siku hiyo barazani tuligombana mpaka adhana ya Isha, na baadhi yetu hawakumpigia kura Ali mwaniaji kwa neno la Ali mvuvi.

Mwandishi angeandika "mwenyekiti wa wavuvi" tu, tungelala kwa amani.

---

Mikrofoni Mstaafu

Nimefanya kazi ya uanahabari wa mashinani hapa Pwani kwa miaka, sasa niko kwenye biashara nyingine na nalala vizuri. Mzee Yakhe amegusa palipo na donda. Wacha niwaeleze jikoni kunavyokuwa, maana mkidhani ni njama mtapigana na kivuli.

Mwanahabari wa mashinani hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa siku aliyofanya kazi. Habari isipotoka, umekula hasara ya nauli. Msimu wa kampeni una mikutano mitatu jioni moja: saa tisa Likoni, saa kumi Changamwe, saa kumi na moja na nusu Kisauni. Kati ya wa kwanza na wa pili kuna feri, na feri haijui kampeni. Kwa hiyo wa pili unaufikia mwisho mwisho, na wa tatu unaukuta katikati. Ukifika katikati ya hotuba, unasikia "tuktuki zote zitolewe kisiwani" na hukusikia "mwenzangu huwaambia". Nahodha, sijui kisa chenu, lakini kwa jinsi ulivyokisimulia naweza kuapa ndivyo kilivyokuwa.

Mkutano ambao hukufika kabisa unaupata kwenye grupu la wanahabari. Mmoja alirekodi, anawarushia wenzake dakika moja na nusu. Watu sita wanaandika kutoka kipande hicho kimoja, kesho yake habari iko kwenye vyombo sita, na msomaji anasema, "Wote wameandika, basi ni kweli." Wote ni mtu mmoja.

Kisha kuna wapambe. Hao hukutumia taarifa iliyokwisha kuandikwa, na ndani yake nukuu tamu za bosi wao ambazo hakuzitamka popote. Hukuta nukuu ya mgombea iliyonyooka sarufi yote, hakuna "yaani", hakuna "nyinyi watu wangu", ukajua hiyo imepikwa ofisini. Mwandishi mwenye haraka huibandika na kuandika "alisema akihutubia wakazi". Hakuhutubia mtu. Hapo mgombea amepewa hekima ya karani wake. Watu hulalamika kuhusu nukuu zinazomchafua mgombea, hizi zinazomsafisha hakuna anayezililia, na mimi naziona mbaya zaidi kwa sababu hakuna wa kuzikanusha. Nani atakanusha sifa?

Sasa habari inafika kwa mhariri. Umeandika vizuri: "Fulani alimshutumu mpinzani wake kwa kutaka tuktuki ziondolewe kisiwani." Mhariri ana sekunde ishirini za habari hiyo na habari nyingine nane zinasubiri. Anapunguza. Kinachopunguzwa siku zote ni pale katikati, "alimshutumu mpinzani wake kwa", kwa sababu panaonekana maneno matupu. Gazetini ni mbaya zaidi, kwani kuna kichwa cha habari chenye nukta pacha. "Fulani: Tuktuki nje." Nukta mbili zile zimeua watu kisiasa. Hazisemi alisema, alinukuu, alikana, wala alikuwa akijibu swali. Jina huku, maneno kule, msomaji ajaze mwenyewe.

Na ukipigia chumba cha habari kulalamika, unapokelewa na kijana wa zamu ambaye hakuandika, hakuhariri, na hana mamlaka. Atakwambia, "Tutalifuatilia."

La bahasha, yaani hongo kwa wanahabari, silisemi. Lipo, mnalijua, lakini makosa mengi ya nukuu niliyoyaona hayakununuliwa na mtu. Ni haraka tu.

---

Mbishi wa Magongo

Hii ya mikutano mitatu na feri inaingia akilini. Lakini kwa hiyo tumsamehe? Daktari naye akiwa na haraka akate mguu usiokuwa?

---

Mikrofoni Mstaafu

Sikusema asamehewe. Nimesema mkitaka kuziba, zibeni pale panapovuja. Mwandishi akifika katikati ya hotuba, aandike "sehemu ya hotuba niliyoisikia" au ampigie mgombea kabla ya kutuma. Simu moja, dakika mbili. Nilikuwa na mhariri mmoja aliyekuwa haruhusu nukuu ya kampeni ipite bila majibu ya mambo matatu: umeisikia mwenyewe au umetumiwa, alikuwa anamjibu nani, na maneno ya kabla yake ni yapi. Tulimchukia. Kwa muda nilioufanya chini yake sikumbuki kumwona akiomba radhi hewani.

---

Wakili wa Treasury Square

Nimefuatilia kimya. Niongeze la sheria maana wengi hudhani njia pekee ni kushtaki kwa kuchafuliwa jina, jambo ambalo huchukua miaka, na kura haingoji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari, na ni vizuri hivyo. Hatutaki serikali ikae juu ya meza ya mhariri. Lakini kifungu cha 35(2) kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomuathiri. Haki hiyo wanasiasa huizungumza, raia wa kawaida huisahau. Ali mvuvi naye anayo, na Ali mwaniaji pia.

Pili, Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 iliambatanishwa na kanuni za maadili ya wanahabari. Mle ndani mna jambo ambalo Mikrofoni amelieleza bila kulitaja: kichwa cha habari kinapaswa kuendana na habari iliyo chini yake, na kikiwa na madai yaliyotolewa na mtu, ama kimtaje anayedai au angalau kiwe na alama za kunukuu. Hiyo "Fulani: Tuktuki nje" ya mfano wake ni mbaya maradufu, kwa sababu imemtaja mtu, ila siye.

Tatu, masahihisho. Kanuni zasema kosa lisahihishwe upesi, na masahihisho yatoe habari iliyo sahihi bila kulirudia kosa, isipokuwa uwazi ukidai lirudiwe. Nia ilikuwa njema, uongo usipigwe debe mara ya pili. Lakini vyumba vya habari vimejifichia hapo. Ndiyo sababu mnasikia "hitilafu iliyojitokeza" isiyo na kichwa wala miguu. Kosa la nukuu halisahihishiki hivyo. Lazima useme: tulisema maneno haya ni msimamo wa fulani, ukweli ni kwamba fulani alikuwa akimshutumu mpinzani wake kwa msimamo huo. Uwazi hapo unadai kosa litajwe, kanuni yenyewe imeruhusu.

Malalamishi hupelekwa kwa Tume ya Malalamishi ya Baraza hilo. Andika chombo, tarehe, saa ya matangazo, maneno yaliyotumika, na ushahidi ulio nao. Barua ya "redio fulani inatuonea" haitafika popote.

---

Yakhe wa Mwembe Kuku

Wakili, hao wa Malalamishi wajua kwamba kuna Ali wengi?

---

BintiTudor

😂 Mzee jamani.

Wakili, nikuulize. Kabla ya uchaguzi wa gavana wetu 2022 ilikuwa fujo tupu. Karatasi za kura zilikuja na makosa, Mombasa na Kakamega zikaahirishwa, ikasemwa 23 Agosti, ikaja kuwa 29 Agosti. Katikati hapo kila kambi ilikuwa na yake kuhusu nani alitaka iahirishwe, na habari zikawa "IEBC yasema" (ndiyo tume ya uchaguzi), "duru zasema", "wakazi wasema". Hizo "duru" zina haki ya kusahihishwa na nani?

---

Wakili wa Treasury Square

Hazina mwenyewe, ndiyo maana zinapendwa. Mwandishi ana haki ya kumficha mtoa habari ambaye akitajwa atadhurika. Lakini "duru" inayomsema mgombea vibaya halafu ikawa ni mpambe wa mgombea mwingine, hiyo si duru, ni kampeni iliyopewa kofia. Angalau aandike "mtu wa karibu na kambi ya mpinzani wake". Msomaji atajua chumvi ni kiasi gani.

---

Mama Mahamri Majengo

Wasomi mmesema vizuri. Mimi saa kumi na moja alfajiri niko na karai la mafuta, redio iko juu ya kabati, mikono ina unga. Video sitatafuta, barua ya malalamishi sitaandika. Nisikilize vipi nisidanganywe? Nipeni la mikono yenye unga.

---

Mikrofoni Mstaafu

Mama, swali lako ni zuri kuliko yetu yote.

Sikiliza kama wamecheza sauti yake mwenyewe. Mtangazaji akisema "fulani amesema hivi" kisha hakuna sauti ya fulani, na mkutano ulikuwa wa hadhara wenye simu mia zinarekodi, jiulize sauti iko wapi. Ukisikia "inadaiwa", hiyo haina mwenyewe, usiibebe hadi kwa wateja wako. Na ukisikia jambo linalokwenda kinyume kabisa na watu anaowaomba kura, mwaniaji wa Kisauni kuwafukuza madereva wa tuktuki mbele yao, ngoja taarifa ya saa saba kabla ya kukasirika.

---

BintiTudor

Ila Mikrofoni, sauti peke yake nayo haitoshi. Oktoba 2008 Obama, akishindania urais na McCain, alikuwa New Hampshire akasema, namnukuu kwa Kiswahili changu: kampeni ya Seneta McCain ilisema kwamba tukiendelea kuzungumzia uchumi tutashindwa. Alikuwa akimnukuu msaidizi wa McCain, na alisema wazi kwamba ananukuu. Mwaka 2011 Mitt Romney, aliyetaka kumwondoa Obama madarakani, akatoa tangazo la televisheni lenye sauti ya Obama mwenyewe: "Tukiendelea kuzungumzia uchumi, tutashindwa." Sauti ni yake, mdomo ni wake, maneno ni ya kambi ya mpinzani wake. Lilikuwa tangazo la kampeni, si habari, lakini ni tuktuki za Kisauni zile zile.

---

Mama Mahamri Majengo

Ala! Kwa hiyo hata nikisikia kwa sauti yake bado?

---

BintiTudor

Bado Mama. Sikiliza sauti inaanzia wapi. Ikianza ghafla katikati ya sentensi, bila hata pumzi ya kuanzia, kuna kilichoachwa nyuma.

---

Mama Mahamri Majengo

Haya. Hiyo ya pumzi naiweza, hata na karai motoni.

---

Nahodha wa Kibokoni

Nimeyachukua. Jumamosi kuna mkutano Tononoka, waniaji wa kambi mbili watapokezana jukwaa. Naomba watu wawili watatu tukarekodi tangu salamu hadi dua, bila kukata, kisha Jumatatu tuweke taarifa za redio na magazeti kando ya rekodi, neno kwa neno. Wakili atatuandikia barua tukikuta kasoro. Mikrofoni, nitumie inboksi namba ya yule mhariri wa mambo matatu kama bado yuko kazini.

---

Mbishi wa Magongo

Nakuja. Lakini sharti moja. Mkikuta redio ilinukuu sawasawa na mwanasiasa wenu ndiye anayekana maneno yake, mtaiweka hapa pia? Ama tutaambiwa betri iliisha?

---

Nahodha wa Kibokoni

Hiyo ndiyo nitaiweka ya kwanza. Njoo na simu iliyojaa chaji, na ukae upande wa spika ya kushoto, ile ya kulia hukoroma.